Kuvuka Maji ya Midia kwa Gari la Baba

Haboba alituma neno kwamba kabla gari la baba halijauzwa, lipelekwe Midia mara moja, alisikie. Hakusema alione. Macho yake yaliacha kufanya kazi zamani, na kwa miaka mingi alimjua mwanawe anafika nyumbani kwa sauti ya gari lile.

Haboba ni mama wa baba yangu. Babu alikuwa askari, na kutoka kambini familia yetu ilirudi na Kiswahili na neno hilo, Haboba, ambalo kwetu ndilo jina la nyanya. Baba alitoka Midia, upande wa Koboko. Mama ni mtu wa hapa hapa Pajulu, nje kidogo ya Arua, na hapa ndipo tulipozaliwa. Baba alifariki mwaka jana. Tangu hapo gari lilikaa nyuma ya nyumba chini ya turubai, mpaka mwalimu mmoja jirani yetu alipokuja kuuliza kama tunaliuza. Mama alikubali. Ndipo neno la Haboba likafika.

Nyumbani mwenye leseni ni mimi peke yangu. Nilijifunza kuendesha nikiwa chuo, nikamaliza shahada ya takwimu, nikarudi Pajulu kungoja kazi, na katika kungoja huko nimekuwa mtu wa kuwaza kila kitu mara tatu. Kwa hiyo safari ikawa yangu, na mawazo yake yote yakawa yangu pia. Niliwaza matairi. Niliwaza breki. Niliwaza askari wa barabarani atakayeniuliza mwenye gari ni nani, na nitajibuje bila kulia. Zaidi ya yote niliwaza honi.

Sababu ni hii. Njia ya kwenda kwa Haboba ina kona moja ya mwisho, penye uwanja wa shule ya msingi. Tulipokuwa wadogo, baba akifika hapo alipiga honi. Kiangazi alipiga mara moja. Wakati wa mvua alipiga mara mbili, na sisi watoto kwenye kiti cha nyuma tulijua ni kwa sababu mvua ina kelele na Haboba asingesikia ya kwanza. Tukiingia uani, moshi ulikuwa umeshaanza kutoka jikoni, maji yako motoni, na sisi tulijua chai iko njiani. Hicho ndicho Haboba alichokuwa akikiomba, hata kama hakukitaja: kona ile, na honi. Nisingeweza kumpelekea kitu kingine.

Nikaijaribu honi ile kila siku kwa wiki nzima, mpaka jirani akatuma mtu kuuliza kama tuna harusi.

Asubuhi ya safari, Pajulu, mama alisimama karibu na dirisha la gari akiwa na chupa ya chai na mihogo ya kuchemsha iliyofungwa kwenye kitambaa. Hakuweza kuja. Dada yake alikuwa mgonjwa na yeye ndiye aliyemwangalia.

"Ukifika kwa maji, simama kwanza," alisema. "Baba yako alikuwa anasimama. Hakuwa mtu ya haraka."

"Nitasimama, Mama."

"Na usiwaze sana. Ukiwaza sana unasahau barabara."

Arua mjini nilimchukua Shangazi Zaitun, dada mdogo wa baba, anayeuza leso na vitenge sokoni. Alikuja na mizigo kama mtu anayehama: sukari, chumvi, miche ya sabuni, ndoo ya simsim iliyosagwa. Akalizunguka gari, akachungulia ndani.

"Dereva iko wapi?"

"Ni mimi, Shangazi."

"Wewe?" Akaweka ndoo chini. "Basi ngoja nisali kwanza."

Akasali pale pale kando ya barabara, kwa sauti, akimtaja baba, babu, matairi yote manne na mimi mwisho. Madereva wa boda walizima pikipiki zao kwa heshima. Alipomaliza mmoja alisema "Amina" kwa nguvu sana, wakacheka wote, naye Shangazi akapanda mbele kama malkia.

Barabara ya kwenda Koboko siku hizi ni lami, na lami haikumbuki kitu. Nilipokuwa mdogo ilikuwa ya udongo mwekundu, na kila sehemu ilikuwa na jina letu wenyewe: pale tulipopata pancha, pale Mama alipotapika, pale mbuzi alipogoma kutoka njiani na baba akashuka kuzungumza naye. Sasa tulipita Maracha kabla sijamaliza kukumbuka. Lakini ndani ya gari hakuna kilichobadilika. Lilikuwa ni gari dogo la zamani, la aina ambayo injini yake unaweza kuiona yote ukifungua boneti. Viti vilinuka petroli kidogo na tumbaku ya babu, ingawa babu alikufa mimi bado sijaanza shule. Mlango wa nyuma bado ulitaka kuinuliwa kidogo ndipo ufunge. Na kwenye usukani, pande mbili, mahali vidole gumba vinapokaa, kulikuwa na madoa mawili meusi ambayo hayakutoka hata kwa sabuni. Nilidhani ni uzee wa plastiki. Njia nzima niliepuka kuyashika, sijui kwa nini. Niliona kama si mahali pangu.

"Baba yako alikuwa anaimba hapa," alisema Shangazi tulipokuwa tunashuka bonde moja.

"Wimbo gani?"

"Wimbo? Ile haikuwa wimbo. Ile ilikuwa kelele tu. Lakini leo ningeisikiliza."

Mchana tulifika Koboko. Soko lilikuwa limejaa, na lugha zimejaa pia: Kikakwa, Kilugbara, Kiarabu cha Juba, Kiswahili cha watu wa Kongo. Mlima Liru ulikuwa umevaa wingu zito jeusi, na mtu yeyote aliyelelewa na safari za Midia anajua maana yake. Kutoka Koboko kwenda kwetu si lami, na katikati kuna kijito. Kiangazi unakiruka. Mvua ikinyesha mlimani kinapanda juu ya kalavati na kufunika barabara.

Niliuliza watu watatu kwenye kituo cha boda. Wa kwanza alisema mto unapitika. Wa pili alisema asubuhi gari la unga lilizimika humo. Wa tatu aliuliza, "Mwenye kuendesha ni nani?" Nilipojionyesha, akatazama angani. Nilisimama pale nikihesabu majibu yao kichwani, hadi Shangazi akaniita kutoka ndani ya gari.

"Rukia! Haboba iko na miaka themanini. Ukiwaza mpaka kesho utamkuta kwa kaburi."

Tukaondoka.

Kwenye kijito, maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yakipita juu ya barabara bila haraka, kwa upana kama wa uwanja wa mpira wa wavu. Nilisimama, kama mama alivyosema. Upande wetu kulikuwa na kijana anayeitwa Luka, dereva wa boda, ambaye siku za mafuriko huacha kubeba watu na kugeuka kipimo cha maji. Anaingia mwenyewe, anasimama katikati, na wewe unaangalia maji yamemfika wapi.

"Iko ya magoti," alisema alipotoka. Kisha akatazama miguu yake mirefu, akaongeza, "Magoti yangu. Yako wewe iko juu kidogo."

Nilizima injini. Na hapo, kando ya maji yale, mikono yangu ilijua cha kufanya, kwa sababu nilimwona baba akifanya kazi hiyo mara nyingi.

Feni ya gari lile inazungushwa na mkanda wa mpira ulio mbele ya injini. Ukiingia majini feni ikiwa inazunguka, inayachota maji na kuyamwaga juu ya injini nzima, umeme unalowa, gari linazimika. Kwa hiyo baba akifika majini alifungua boneti, akalegeza altaneta kwa spana, akauvua mkanda. Kisha akaifunika distributa, kile kikombe kinachogawa moto kwa plagi, kwa kavera, mfuko wa plastiki, na kuifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Alifanya hivyo bila kusema neno, mdomo ameubana, na mimi nilisimama karibu nimeshika bolti moja kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha thamani. Halafu mama alitushika mikono. Watoto hawakuvuka ndani ya gari. Tulipanda na kijito mpaka penye mawe, tukavuka kwa miguu, tukazunguka kwa njia ya ndani ya mafunjo, marefu kuliko mama. Tulipotokea barabarani ng'ambo, baba alikuwa ameshavuka na kuketi kwenye usukani, boneti imefungwa, injini inanguruma, anatungoja.

Nilifanya vyote. Spana zilikuwa kwenye buti la gari, zimefungwa katika kitambaa chake kile kile. Hata vipande vya tyubu vilikuwepo. Mkanda ulipotoka nilimpa Shangazi aushike. Distributa nikaifunga vizuri kuliko baba, nafikiri, maana nilirudia mara tatu. Luka aliinama akatazama.

"Nani alikufundisha hii?"

"Baba."

"Siku hizi watu wanaingia tu na kumwomba Mungu," alisema.

Nilijiona mrefu. Nilichukua kipande cha sabuni ya Shangazi, nikachuchumaa kando ya maji na kunawa mikono, kucha moja moja, mpaka grisi yote ikatoka. Sikutaka kumshika Haboba na mikono michafu, na kwangu kazi ilikuwa imekwisha.

Tuliingia kwa gia ya kwanza, Luka akitembea mbele yetu na fimbo. Shangazi alipandisha miguu juu ya kiti na kuanza tena ile sala ya Arua, safari hii bila kutaja matairi. Katikati maji yaliingia chini ya milango. Niliyasikia kabla ya kuyaona, yakibubujika kwenye zulia, kisha yakafika vifundoni. Injini ilikohoa. Ikakohoa tena, ikashika, na pua ya gari ikaanza kupanda, maji yakimwagika pande zote. Ng'ambo watu waliokuwa wanangoja walipiga makofi. Mwanamke mmoja alipiga vigelegele.

Sikusimama. Niliogopa kwamba nikisimama gari halitawaka tena. Baba kila mara alikuwa na injini inayonguruma tulipomkuta ng'ambo, basi nami niliiacha ingurume nikaenda.

Mbele kidogo ya kijito, gari lilianza kuwa na akili yake. Waipa ziliamka zenyewe na kufagia kioo kikavu. Taa ya kukata kulia ilianza kuwaka na kuzima, ingawa hakuna njia ya kulia pale. Redio, ambayo haikufanya kazi tangu nikiwa darasa la tano, ilitoa mlio mrefu na kunyamaza. Nilibonyeza honi. Kimya. Nikabonyeza tena kwa kiganja chote. Kimya.

"Shangazi, honi imekufa."

"Twende tu. Itaamka."

Taa nyekundu ya betri ilikuwa inawaka kwenye dashibodi. Mshale wa joto ulikuwa umelala chini kabisa, umekufa nao. Nilijiambia: ni maji, maji yameingia kwenye nyaya, yatakauka. Kila kibaya nilichokiona nilikipa sababu hiyo moja, na kwa mara ya kwanza katika safari nzima sikuwaza zaidi. Nilikuwa nafikiria kona tu, na nitafikaje penye kona bila honi.

Kisha nikasikia harufu, kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Gari likapoteza nguvu kwenye kilima ambacho hata baiskeli inakipanda. Mvuke ukatoka pembeni mwa boneti, kwanza kama uzi, kisha kama shuka. Kitu ndani ya injini kikalia, tik, tik, na gari likasimama. Kona ya shule ilikuwa mbele yetu, karibu kiasi kwamba niliyaona magoli ya uwanja.

Nilishika usukani. Sikulia, lakini sikuweza pia kushuka.

Shangazi akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, hii mukanda utaichukua saa ngapi? Inachafua nguo yangu."

Nilimgeukia. Mkanda wa feni ulikuwa mapajani pake, umekunjwa vizuri juu ya leso, kama mtoto aliyelala.

Mkanda ule hauzungushi feni tu. Unazungusha altaneta inayotoa umeme, na pampu inayopeleka maji kwenye injini. Nilikuwa nimeendesha injini bila maji ya kuipoza, kutoka kijitoni mpaka pale. Ningeweza kukueleza jambo hilo kwa mchoro. Lakini sikuwahi kumwona baba akiurudisha mkanda. Alipoufunga upya, ng'ambo, mimi kila mara nilikuwa ndani ya mafunjo nimeshika mkono wa mama, sioni kitu ila majani. Nilikuwa na nusu ya kazi yake, na nusu hiyo niliikumbuka vizuri sana hata nikadhani ni nzima.

Jioni ilikuwa inaanza Luka alipotokea na pikipiki yake na wanaume wawili nyuma. Hawakuuliza mengi. Luka aliuona mkanda mikononi mwangu, akaniangalia, akaficha kicheko kwenye bega. "Sukuma," akawaambia wenzake. "Gari iko imechoka."

Hivyo ndivyo gari la baba lilivyopita kona ya shule: kimya, likisukumwa, mimi nikishika usukani na Shangazi akitembea kando na ndoo yake ya simsim kichwani. Tuliingia uani bila mtu kutusikia. Hakukuwa na moshi jikoni.

Haboba alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni, uso ameuelekeza barabarani. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomwacha.

"Nani?"

"Ni Rukia, Haboba. Na Shangazi."

"Mumekuja na miguu?"

"Tumekuja na gari. Liko hapa."

"Sikusikia," alisema. "Tangu asubuhi niko hapa. Sikutoka hata kula. Sikusikia."

Nilikuwa na maelezo mengi. Nilianza na mvua, nikaenda kwenye nyaya, nikafika kwenye honi, na yote yakaniishia mdomoni. Nikapiga magoti mbele yake kumsalimia. Akaichukua mikono yangu kama anavyofanya kila mara, akaipapasa kiganja, kisha vidole, akaivuta puani pake.

"Mikono yako iko safi," alisema, kama anayeshangaa.

"Nilinawa, Haboba. Kwa mto."

"Kwa mto?" Akatikisa kichwa. "Baba yako hakuwa ananawa kwa mto. Mvua ikiwa mingi, alikuwa anafika hapa na mikono nyeusi kama chungu. Ndio maana alikuwa anapiga honi mara mbili, niweke maji ya moto. Ile grisi haitoki na maji baridi."

"Maji yale yalikuwa ya chai," nilisema.

"Chai!" Alicheka, na kwa kicheko hicho nilimsikia baba. "Chai ilikuwa ya pili. Maji ya kwanza ilikuwa ya mikono. Nilikuwa namnawisha mimi mwenyewe, na majivu kidogo na sabuni. Mutu mukubwa, baba ya watoto, na mimi namnawisha."

Miaka yote hiyo tulinyweshwa chai na kudhani moshi ule ni wetu. Nilikaa kwenye mkeka, na sasa ndipo nililia. Shangazi alikwenda jikoni kuwasha moto, akigonga masufuria zaidi ya ilivyohitajika.

Baada ya kula nilimpigia mama. Nilimwuliza kama aliwahi kumwona baba akirudisha mkanda. "Ningeona wapi?" alisema. "Mimi nilikuwa na nyinyi kwa majani." Akafikiri. "Haboba amesema nini?" Nilimwambia yuko salama, na kwamba gari halijasikika bado.

Kesho yake, Midia, Fundi Khamis alikuja kutoka Koboko akiwa amepakiwa na Luka, sanduku la vifaa mapajani. Ni mtu mnene mwenye maneno mengi. Alifungua boneti, akapiga mluzi.

"Nani alipika hii?"

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Umepika vizuri. Imeiva."

Uharibifu ulikuwa wa aina mbili, na alinionyesha yote. Wa kwanza ulitokana na maji. Sanduku la fyuzi lilikuwa na matope ndani, ndiyo maana waipa na taa zilifanya zilivyotaka. Stata ilikuwa imekunywa maji, na honi ilikuwa imejaa mchanga laini. Hayo alisema yanatengenezeka kwa subira: kutoa, kusafisha, kuanika juani. Wa pili ulikuwa wangu. Joto lilikuwa limeunguza gasketi, ule utando unaoziba katikati ya injini na kichwa chake, na maji ya rejeta yalikuwa yamechanganyika na oili. Alichomoa kijiti cha kupimia, kikatoka na povu jeupe.

"Haya ni ya mto?" niliuliza. Bado nilikuwa na tumaini dogo.

"Mto haijaingia huku," alisema. "Hii ni ya nyumbani."

Kichwa cha injini kilipelekwa Koboko kwa pikipiki, kimefungwa kwenye gunia, kikachongwe kiwe sawa. Gasketi ililetwa kutoka Arua kwa basi. Tulikaa siku kadhaa tukingoja, na katika siku hizo ua wa Haboba ulijaa vipande vya gari. Zulia lilianikwa kwenye ua wa miti. Viti vilikaa juani kama wageni. Honi iliwekwa juu ya kinu. Haboba aliomba kiti chake kisogezwe karibu, na alishinda pale akisikiliza spana zikigonga chuma, akiuliza kila sauti ni nini.

"Hiyo ni nini?"

"Ni plagi, mama," Khamis alijibu. "Nafunga."

"Yusufu, mwanangu, alikuwa anafunga na kuguna. Wewe hauguni."

"Sasa nitaguna," alisema Khamis, na kweli tangu hapo aliguna kwa kila bolti, mpaka Shangazi akamwomba aache.

Nami niliomba kazi moja tu. Mkanda ulipofika wakati wa kurudishwa, niliufunga mwenyewe. Unaupitisha kwenye puli tatu, unaivuta altaneta kwa rungu mpaka mkanda ukaze, kisha unafunga bolti huku umeegemea kwa uzito wako wote. Mkono mmoja hautoshi. Na hakuna namna ya kuifanya ukabaki safi.

Injini iliwaka adhuhuri ya siku ya mwisho. Kwanza ilitoa moshi mweupe, ikatetemeka, kisha ikatulia kwenye mngurumo ule niliokuwa nalala nao kwenye kiti cha nyuma. Haboba aliinuka bila kusaidiwa. Aliifuata sauti mpaka kwenye boneti, akaweka viganja vyote viwili juu ya chuma, akasimama hivyo. Hata Khamis alinyamaza.

Mwisho akasema, "Na honi?"

Nilibonyeza. Ilitoka na sauti ya kukwaruza, kama mtu aliyeamka na mafua. Nikabonyeza ya pili. Haboba aligeuza uso wake jikoni na kuita, "Zaitun! Maji!" Kisha akajikumbuka, akashika mdomo, akacheka peke yake. Lakini Shangazi aliyaleta. Haboba akaninawisha mikono hapo hapo uani, kwa majivu na sabuni, kidole kwa kidole. Vidole vyake ni vigumu kama kamba, na vilijua njia.

"Sasa iende kwa mwenyewe," alisema alipomaliza. "Nimesikia."

Asubuhi ya kurudi niliondoka peke yangu. Shangazi alibaki kumsaidia Haboba palizi ya karanga. Usiku mvua ilikuwa imenyesha tena Liru, na kijito kilikuwa juu ya barabara, si kama ile siku ya kwanza lakini vya kutosha. Luka alisimama katikati, maji chini ya magoti.

Nilivua mkanda. Nilifunga kavera. Nilivuka. Ng'ambo nilisimama pembeni, nikafungua boneti, nikaurudisha mkanda, nikakaza bolti huku nikiguna. Luka alikuja akinionyesha maji kwa fimbo.

"Leo haunawi?"

"Bado," nilisema. "Nitanawa nyumbani."

Kutoka pale mpaka Koboko, na kutoka Koboko mpaka Arua, niliendesha na mikono ile. Ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Kabla ya Maracha nilitazama usukani na kuona vidole gumba vyangu vimekaa juu ya yale madoa mawili, sawasawa. Sikuvitoa. Bonde lile ambamo baba alikuwa akiimba nilipita nikipiga kelele kidogo mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa peke yangu.

Nilikwenda Midia nikidhani naujua ufundi wa baba kwa sababu niliuangalia kwa upendo. Nimerudi nikijua kwamba mtoto huona sehemu ya mzazi wake, ile anayoonyeshwa, kisha hushikwa mkono na kupitishwa majanini. Sehemu nyingine wanayo watu wengine, mmoja kwenye vidole, mwingine puani, na wao hawajui kwamba unaihitaji mpaka ufike kwao. Mwalimu anakuja kulichukua gari wiki hii. Nimeshamwambia aje mapema, na aje na nguo anazoweza kuchafua.

Jua lilikuwa linateremka nilipoingia Pajulu. Kwenye kona ya kwetu nilipiga honi mara mbili, sauti ile ya mafua, kuwajulisha tu kwamba nimefika salama. Nilipozima injini na kuzunguka nyumba, mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Hakuwa ameniona bado, wala mikono yangu. Mbele yake kulikuwa na beseni, na maji ndani yake yalikuwa yanatoa mvuke.

"Nimesikia mbili," alisema. "Leta hiyo mikono."